Mwenye mbio kuliko wote hataki kijiti

Ndugu washauri, habari za kazi,

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari mkoani Singida. Nina timu ya wasichana ya kupokezana vijiti, mita 100 mara 4. Mmoja wao, nimwite Neema ingawa si jina lake, ana mbio kuliko msichana yeyote hapa shuleni: mita 100 kwa sekunde 12.9, tena kwenye uwanja wa vumbi. Wenzake watatu wanakimbia 13.5, 13.8 na 14.0.

Neema hapendi kijiti. Siku za mazoezi ya mbio za peke yake anafika wa kwanza. Siku ya vijiti anaumwa tumbo, ana nguo za kufua, au anatokea tumeshamaliza kupasha misuli. Wenzake amewaambia waziwazi kwamba wanamchelewesha. Nao wamemchoka. Mmoja alisema mbele yangu, "Mwacheni azunguke uwanja mzima na kijiti chake mwenyewe."

Kwenye bonanza la shule jirani alishinda mita 100 na 200. Kwenye vijiti nilimweka wa mwisho. Aliyemtangulia, nimwite Rehema, alikuja akiwa nafasi ya pili. Neema akaondoka mapema, akageuka kutazama nyuma, mkono ukawa unayumba, kijiti kikaanguka. Akakitazama, akatoka kwenye njia yake, akakaa chini. Rehema alilia hadi tulipofika shuleni. Jumatatu yake mkuu wa shule alimwita Neema mbele ya mstari, akampa shilingi 10,000 kwa kila mbio aliyoshinda. Timu ya vijiti haikutajwa.

Sasa baba yake amenipigia simu. Anaomba nimtoe kwenye vijiti asichoke bure, maana kijiti hakitampeleka popote. Zimebaki wiki 6 kabla ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya. Nimewahubiria umoja mpaka sauti imekauka. Nimtoe? Nimlazimishe? Na kama anabaki, akimbie nafasi ipi?

Mwalimu wa michezo, Singida

*

Mwalimu,

Usimtoe sasa, na usiendelee kumhubiria. Neno "umoja" limeshachakaa masikioni mwa wasichana hao. Kila ukilitamka Neema anajua ni yeye anayesemwa, na wenzake wanajua hivyohivyo. Kwa wiki hizi 6 badilisha kitu unachokipima: weka kando muda wa msichana mmoja mmoja, pima mwendo wa kijiti.

Neema anadai wenzake wanamchelewesha. Hilo ni dai la muda, na dai la muda hujibiwa kwa saa. Jumlisha mita 100 za wote wanne: 12.9, 13.5, 13.8 na 14.0, unapata sekunde 54.2. Katika vijiti ni mkimbiaji wa kwanza pekee anayeanza akiwa ametulia. Watatu wanaofuata hupokea wakiwa tayari kwenye mwendo. Ndiyo maana timu inayopokezana vizuri humaliza chini ya jumla yake kwa sekunde 2 hivi. Maana yake wasichana wako, kwa miguu hiyohiyo waliyonayo leo, wanaweza kukaribia 52.2. Wakimbize mzunguko mzima wiki hii, upime, kisha uandike ubaoni namba tatu: jumla, muda walioupata, na tofauti. Wakipata 54 au zaidi, hizo sekunde 2 zimepotelea kwenye sehemu tatu za kupokezana. Baadaye, mkiwa wawili tu, muulize Neema: ili azilete sekunde hizo peke yake, itabidi akimbie mita 100 kwa muda gani? Jibu ni 10.9, muda wa wanawake wanaoingia fainali ya Olimpiki. Mwache apige hesabu mwenyewe, usiongeze neno.

Wakitaka ushahidi wa nje, wape Japani. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 Ryota Yamagata, Shota Iizuka, Yoshihide Kiryu na Asuka Cambridge walichukua medali ya fedha kwa sekunde 37.60, nyuma ya Jamaika ya Usain Bolt. Wakati huo hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10 kwa muda unaotambuliwa rasmi. Marekani ilikuwa na Justin Gatlin, mmoja wa wanaume wenye kasi zaidi duniani, lakini iliondolewa kwenye matokeo kwa sababu kijiti kilipokewa kabla ya kuingia eneo linaloruhusiwa.

Tunaelewa kwa nini watoto wetu hawana picha hii vichwani. Majina ya riadha wanayoyasikia Tanzania ni ya watu waliokimbia peke yao: Filbert Bayi na rekodi yake ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, Suleiman Nyambui na fedha yake ya mita 5000 huko Moscow mwaka 1980. Jirani zetu Wakenya wana kumbukumbu nyingine kando ya hizo, fedha ya mita 400 mara 4 huko Mexico mwaka 1968 na dhahabu ya mbio hizohizo Munich mwaka 1972. Mwalimu wa vijiti hapa kwetu anaanza akiwa nyuma kidogo, na si kosa lake.

Sasa tuje kwenye kijiti kilichoanguka. Umetaja mambo matatu: aliondoka mapema, aligeuka, mkono ukayumba. Hakuna hapo hata moja la roho mbaya. Ni makosa ya mtu asiyefanya mazoezi ya kupokea, na yanafuatana. Anayeondoka bila alama ya uhakika huingiwa na wasiwasi, hivyo hugeuka. Akigeuka bega linazunguka, mkono unahama, mwendo unakatika, na anayekuja nyuma anakuwa analenga kiganja kisichotulia. Waeleze hivyo Neema na Rehema wakiwa pamoja, kwa maneno yaleyale. Rehema amebeba lawama isiyo yake yote, na anahitaji kusikia hilo kutoka kwako.

Dawa ya kugeuka ni alama. Eneo la kupokezana kwa mita 100 mara 4 ni mita 30. Baadhi ya viwanja bado vinachorwa kwa utaratibu wa zamani wa mita 20 na mita 10 za kuanzia nyuma yake, ambao ulibadilishwa mwishoni mwa 2017. Pima kwa utepe, chora kwa chokaa. Anayepokea asimame mwanzoni mwa eneo, miguu yote miwili ikiwa ndani. Kutoka hapo ahesabu nyayo zake, kisigino kwa kidole, kuelekea upande mwenzake anakotokea. Anzeni na nyayo 18. Kwenye uwanja wa nyasi au vumbi sheria inawaruhusu kukwaruza alama moja ardhini ndani ya njia yenu. Kwenye uwanja wa raba ni kipande kimoja cha utepe wa gundi kisichozidi sentimita 5 kwa 40.

Mwenzake akifika kwenye alama, anayepokea anaondoka kwa nguvu zote, macho mbele. Akifikiwa upesi mno hadi wanakaribia kugongana, amechelewa kuondoka: ongezeni nyayo 2. Asipofikiwa kabisa, ameondoka mapema: punguzeni 2. Wengi huharibu hapa kwa kusogeza alama baada ya jaribio moja. Subiri majaribio matatu yatoe kosa lilelile ndipo usogeze. Makabidhiano yenyewe yaangukie kati ya mita ya 18 na ya 25 ndani ya eneo. Kabla ya hapo anayepokea bado hajashika kasi, baada ya hapo mko hatarini kutoka nje ya mstari. Kinachohesabiwa na waamuzi ni mahali kilipo kijiti, si mahali ulipo mguu.

Alama hiyo ni mali ya watu wawili. Nyayo 18 za Neema na Rehema hazimfai msichana mwingine yeyote, na mmoja akikosa mazoezi mwenzake hana anachoweza kurekebisha akiwa peke yake. Hili ndilo Neema hajalielewa kuhusu yale maumivu ya tumbo. Mweleze kama jambo la ufundi, usimpe kama karipio.

Mikono ipangwe hivi: wa kwanza anabeba kulia, wa pili anapokea kwa kushoto, wa tatu kulia, wa nne kushoto, na hakuna anayehamisha kijiti mkono. Wa kwanza na wa tatu, wanaokimbia kwenye kona, wabane upande wa ndani wa njia. Wa pili na wa nne wakae upande wa nje. Anayekuja ndiye anayeita, mara moja, na mkono wa mwenzake unyooke nyuma baada ya kusikia mwito, si kabla. Msichana anayekimbia mita 10 mkono ukiwa nyuma amepoteza mwendo bure. Chagueni neno lenu wenyewe. Uwanja mzima ukipiga kelele "Shika!", wenu atanyoosha mkono kwa sauti ya shule nyingine.

Ratiba iwe siku tatu kwa wiki, dakika 30 tu, mara baada ya kupasha misuli na kabla ya kazi nyingine yoyote. Dakika 8 za kwanza wajipange kwenye mstari mmoja, umbali wa mita moja na nusu, watembee kisha wakimbie taratibu wakipitisha kijiti kutoka nyuma kwenda mbele kwa mwito. Halafu makabidhiano 6 ya kasi kamili, na mapumziko ya dakika 3 hadi 4 kati yake. Yasizidi 6. Miguu ikichoka anayekuja anafika polepole kuliko siku ya mashindano, na alama mnayoipanga itakuwa ya uongo. Hilo ndilo linalowapata walimu wengi wanaofanya mazoezi ya vijiti jioni, mwisho kabisa, watoto wakiwa hoi.

Katika hayo 6, pima muda wa kijiti ndani ya eneo. Mwanafunzi mmoja asimame usawa wa mstari wa kuingilia ainue mkono kijiti kinapopita, wewe simama usawa wa kutokea na saa, simu inatosha. Kwa wasichana wa kiwango chenu karibu na sekunde 4 ni pazuri. Ikifika 4.5 kuna aliyepunguza mwendo. Andika ubaoni kwa majina mawili: "Neema na Rehema, 4.6." Usiandike jina moja popote. Msichana wako anapenda ushindani, basi mpe namba ya kushindana nayo ambayo hawezi kuishusha bila Rehema. Utaanza kuwaona wakizungumza wenyewe kwa wenyewe kuhusu nyayo na mwito, na mazungumzo hayo yana faida kuliko kikao chochote cha upatanisho.

Kuhusu nafasi, mtoe mwisho. Wa mwisho ndiye anayeonekana na watu, ndiye anayekata utepe, lakini kwa kijiti kazi yake ni kupokea tu. Tunashauri Neema akimbie wa pili. Ni sehemu iliyonyooka, ni miongoni mwa nafasi ambazo mkimbiaji hukaa na kijiti kwa umbali mrefu zaidi, kwa hiyo kasi yake inatumika zaidi kuliko mwishoni, na atalazimika kupokea kwa mmoja na kumpa mwingine. Huyo mwingine awe Rehema, akimbie wa tatu, kwenye kona. Neema anatakiwa ajue inakuwaje kufika umechoka, kifua kinawaka, ukilenga kiganja kinachokukimbia. Wa kwanza awe yule mwenye mwanzo mzuri, wa nne awe asiyeyumbishwa na makelele. Ukiwa na shaka, jaribu mpangilio huu na ule wa zamani siku mbili tofauti, upime yote miwili, wasichana wakiwepo. Mpangilio wenye muda bora ndio ubaki.

Kama mnatumia kipande cha mti, kibadilisheni. Kata bomba la plastiki lenye upana wa nje wa sentimita 4, urefu kati ya sentimita 28 na 30, kingo zisuguliwe kwa msasa. Uzito usipungue gramu 50. Mkono uliozoea mti mzito na mnene hushangaa siku ya mashindano.

Zawadi ya mkuu wa shule ina uzito kuliko mahubiri yako yote, maana watoto husoma kile shule inacholipia. Mwombe kwa heshima, na usimwombe aache kumzawadia Neema. Kumnyima alichoshinda kutamfanya aamini kwamba kasi yake ni kosa. Mwombe mambo mawili: timu ya vijiti ipewe kiasi kilekile kwa kila mkimbiaji, wa akiba wakiwemo, na mstarini isomwe ile tofauti ya ubaoni. "Timu ya vijiti imepunguza sekunde 1 na nusu tangu mwezi uliopita" ni tangazo linaloeleweka na wanafunzi wote.

Baba Neema naye asikilizwe. Hofu yake ya uchovu ina msingi, kwa hiyo umjibu kwa ratiba. Mwonyeshe kwamba vijiti ni dakika 30 mara tatu kwa wiki na makabidhiano 6 tu ya kasi. Mweleze kwamba kupokea kijiti kunamfundisha binti yake kuondoka kwa nguvu na kushika kasi mapema, jambo analolihitaji pia kwenye mita 100, na kwamba msichana aliyeamka vibaya siku ya mita 100 bado ana mlango wa pili wa kuonwa na wanaochagua timu ya wilaya. Mwahidi pia kwamba utaangalia ratiba ya siku yenyewe, na fainali ya 200 ikikaribiana mno na vijiti mtakaa naye na binti mwamue pamoja. Timiza ahadi hiyo.

Wenzake watatu nao si malaika. Ile kauli ya "kijiti chake mwenyewe" ni jiwe, na Neema amelisikia. Wekeni kanuni moja ya maneno baada ya kosa: dakika 10 za kwanza hakuna anayezungumzia kilichotokea. Kisha kila mmoja anajibu maswali mawili, mimi nilifanya nini, na zoezi lijalo nitafanya nini, bila kutaja jina la mtu mwingine. Mwalimu pia anajibu.

Wafundishe vilevile la kufanya kijiti kikianguka, maana kukaa chini ni kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba mbio bado zipo. Kikianguka kabla hakijashikwa na anayepokea peke yake, anayetoa ndiye anayekiokota. Anaweza kutoka njia yake kukifuata, mradi hamzuii mtu na hafupishi umbali. Anayepokea anasimama ndani ya eneo na kusubiri. Angusheni makusudi mara moja kila wiki, waokote, wamalize. Huko Rio wanawake wa Marekani waliangusha kijiti kwenye mchujo baada ya mkimbiaji wao, Allyson Felix, kugongwa na wa timu nyingine. Waliokota, wakamaliza wakiwa mwisho kabisa, wakakata rufaa, wakaruhusiwa kukimbia upya peke yao uwanjani, na fainali wakachukua dhahabu.

Limebaki swali lako la kwanza. Leo hii andika kanuni ya mahudhurio: anayekosa mazoezi mawili ya vijiti bila ruhusa hakimbii, awe nani. Ibandike, wasichana wote waisome, na uanze kufanya mazoezi na wasichana 6 badala ya 4, ili kanuni iwe na meno. Mwalimu mwenye wasichana wanne tu hana kanuni, ana ombi. Mwisho wa wiki ya 4 angalia daftari. Kama Neema amekuja na muda wa ubaoni unashuka, anakimbia, hata kama bado hajawa rafiki wa mtu. Urafiki si sharti. Kama hajaja, weka wa akiba, upange alama upya kwa wiki 2 zilizobaki, naye abaki na mita 100 na 200 zake bila kunyimwa chochote wala kusemwa. Mwambie wewe mwenyewe, ana kwa ana, kabla majina hayajabandikwa, na mpigie baba yake siku hiyohiyo.